Dawa haikuzoeleka mwilini: kisa cha lukemia ya mama mmoja wa Pemba

Mwanamke wa miaka 46, mkaazi wa Wilaya ya Micheweni, alikuwa ameshameza imatinibu, kidonge cha kutibu lukemia (saratani ya damu), zaidi ya miaka mitatu na hali yake nzuri, anakwenda shamba, anaanika karafuu zake, mpaka kipimo cha damu kiliporudi na chembe nyeupe 61,000 kwa maikrolita moja. Kipimo cha kabla ya hapo kilikuwa 7,000. Wiki zilizofuata aliambiwa mambo matatu na watu mbalimbali: kwamba mwili umeizoea dawa, kwamba dawa yenyewe ni bandia, na kwamba hamezi. Hata moja halikuwa kweli. Kromosomu za chembe zake za saratani zilikuwa zimebadilika kwa mara ya pili, na mabadiliko hayo yangeonekana mapema lau yangetafutwa.

Mimi ni mtu wa maabara. Nakiandika kisa hiki kwa idhini ya mgonjwa na mwanawe, na yale ya kumtambulisha nimeyaondoa au kuyabadili. Nakiandika kwa sababu neno “mwili umezoea dawa” nalisikia kila wiki, kwa wagonjwa na kwa wenzangu wa kazi, na linafunga mlango wa kuuliza. Mwili wa mama huyu haukuzoea chochote. Ini lake liliichakata dawa vilevile kama siku ya kwanza. Waliobadilika ni adui wenyewe, tena sehemu yao tu.

Bandama

Maradhi yalianza kimya. Alichoka, akakonda, na usiku akitoka jasho mpaka kanga inalowa. Akila matonge mawili matatu anashiba, kwa kuwa upande wa kushoto wa tumbo palikuwa na kitu kigumu kinachobana. Shangazi yake alimpapasa akasema hii ni bandama, na alisema kweli. Watu wa umri wake wanaijua bandama kwa sababu ya malaria ya zamani. Lakini malaria hapa Zanzibar imekuwa chini ya asilimia 1 kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Mtu mzima akija leo na bandama iliyofika kitovuni, kumpa dawa ya malaria na vidonge vya kuongeza damu kisha kumwambia arudi baada ya mwezi ni kumpotezea wakati. Mama huyu alipotezewa miezi kadhaa hivyo kabla hajaandikiwa FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu.

FBP ikatoka na chembe nyeupe 212,000. Kawaida ya mtu mzima ni kati ya 4,000 na 11,000. Kwenye darubini kioo kilijaa chembe za kila rika, changa, za kati na zilizokomaa, zimechanganyika zote kwenye damu wakati zile changa zilipaswa kuwa bado ndani ya mifupa. Beziofili, aina ya chembe nyeupe ambazo kwa kawaida unaweza kuhesabu chembe mia usione hata moja, zilikuwa kila upande. Picha hiyo ukiiona mara moja huisahau. Ni lukemia ya maieloidi ya muda mrefu, ambayo hospitalini wote tunaiita CML.

Akapelekwa Unguja, Mnazi Mmoja, kisha Dar es Salaam. Huko damu ikapimwa PCR ya BCR-ABL, kipimo kinachotafuta jeni ya ugonjwa huu, ikawa chanya, na uboho wa mfupa ukatolewa ili kromosomu zipigwe picha. Katika chembe 20 zilizohesabiwa, zote 20 zilikuwa na kasoro moja na ile ile, na hakuna nyingine. Msomaji aishike namba hiyo. Bila picha ya mwanzo, picha ya baadaye isingetuambia kitu.

Kasoro yenyewe ina historia ndefu. Kwa kawaida chembe ya mwili ina kromosomu 46. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, wakifanya kazi mjini Philadelphia, waliona kuwa chembe za wagonjwa wa CML zina kromosomu moja ndogo kupita kawaida. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ilikotoka: kromosomu namba 9 na namba 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Pale zilipoungana, jeni ya ABL kutoka namba 9 imejikuta imegandana na jeni ya BCR ya namba 22, na chembe inazisoma kama jeni moja. Protini inayotoka hapo ni kimeng'enya kisichojua kupumzika. Kazi yake ni kuiamuru chembe igawike, na inaiamuru saa zote.

Imatinibu ilitengenezwa iingie mahali pale pale ambapo kimeng'enya hicho huchukulia nguvu, ipazibe. Marekani waliiidhinisha mwezi wa Mei 2001. Kabla yake CML ilikuwa hukumu ya miaka michache, isipokuwa kwa aliyepata ndugu wa kumpa uboho. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanza nayo, zaidi ya asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 10. Katika saratani zote ninazoziona kupitia kioo, sijui dawa nyingine iliyogeuza mambo kiasi hicho kwa kidonge cha kumezwa nyumbani.

Miaka mizuri, na pengo lililokaa ndani yake

Alianza miligramu 400 kwa siku, vidonge vinne vya 100, baada ya chakula kikuu na maji mengi. Mwezi wa pili bandama ilikuwa imerudi ndani. Ramadhani ya kwanza alitaka kuacha kumeza ili asivunje saumu, akaelezwa kuwa dawa ni mara moja tu kwa siku, ameze baada ya futari. Akafunga mwezi mzima na dozi hazikupotea. (Kwa dawa hii hilo linawezekana. Kwa dawa za kumezwa mara mbili au za kumezwa tumbo likiwa tupu, mgonjwa amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama.)

Kwa CML, chembe nyeupe zikirudi kawaida ni habari njema lakini ndogo. Kinachopima ukweli ni PCR, inayoonyesha ni kiasi gani cha ujumbe wa BCR-ABL kimebaki kwenye damu. Lengo ni kushuka ngazi kwa ngazi: asilimia 10 au chini yake ikifika miezi mitatu, asilimia 1 au chini ikifika miezi sita, asilimia 0.1 au chini ikifika mwaka. Mama huyu alipata 8, kisha 0.9, kisha 0.3. Ngazi mbili za kwanza alizifika. Ya tatu hakuifika, ila hakuwa mbali, na jambo la kufanya kwa mtu wa namna hiyo ni kumpima mara kwa mara zaidi.

Likafanyika kinyume chake. Kwa zaidi ya mwaka mzima hakupimwa PCR hata mara moja. Kila alipokwenda alipimwa FBP, chembe nyeupe zikawa 6,000 au 7,000, akaandikiwa dawa, akarudi bandarini. Naelewa ilivyotokea. Safari ya kutoka Micheweni mpaka Mkoani kupanda boti, Unguja, kisha Dar, ni pesa na ni siku, na mtu anayeonekana mzima haandikiwi vipimo vya ghali. Lakini chembe nyeupe ndizo za mwisho kusema. Kutoka 0.3 mpaka 1, mpaka 10, damu ya FBP inaweza kukaa kimya safari yote hiyo. Ilipozungumza, PCR ilikuwa asilimia 46.

Daftari la skuli

Sehemu ya kisa inayoniuma ni hii. Katika kliniki moja, jina sitalitaja, mama huyu aliambiwa mbele ya watu: “Mama, sema kweli, dawa humezi.”

“Nameza, daktari. Wallahi nameza. Muulize huyu mwanangu.”

Binti akatoa mkobani daftari la skuli, la mistari, jalada limechakaa kwenye pembe. Kila ukurasa mwezi mmoja. Kila tarehe ina alama ya vema kwa penseli, na miezi ya Ramadhani pembeni pameandikwa “baada ya futari”. Sehemu moja tarehe tano zinafuatana zina duara tupu, na chini yake: bahari chafu, boti haikuondoka. Dawa ilikuwa imekwisha nyumbani na ya kuongeza ipo ng'ambo.

Daktari yule hakulifungua daftari. Mimi niliombwa kulitazama baadaye, na niliona lina thamani sawa na kipimo chochote cha maabara yangu. Kumshuku mgonjwa si kosa. Kuacha kumeza ni moja ya sababu kubwa za dawa hii kushindwa, na utafiti wa Hospitali ya Hammersmith ya London uliochapishwa mwaka 2010, uliotumia vifuniko vya chupa vinavyorekodi kila vinapofunguliwa, ulionyesha kuwa anayemeza chini ya asilimia 90 ya dozi zake hupoteza nafasi kubwa ya kufika ngazi za chini. Lakini shaka hujibiwa kwa kuhesabu. Siku tano katika mwaka hazifiki hata asilimia 2. Vidonge vilivyobaki vilihesabiwa, vikalingana na daftari.

Yakaulizwa mengine. Je, amewahi kumeza dawa za TB? Rifampisini hulifanya ini liivunje imatinibu haraka mno mpaka kiwango chake kwenye damu kikaanguka. Hajawahi. Dawa za kifafa, kama fenitoini, hufanya vilevile. Hatumii. Mitishamba? Alisema amewahi kunywa vitu viwili vitatu mwanzoni kabla hajajua ugonjwa, kisha akaacha. Dawa bandia? Chupa zake zilitoka kwenye mpango ule ule uliowapa wagonjwa wengine wa kliniki, na wenzake walikuwa wanaendelea vizuri.

Wakati majibu haya yanakusanywa, dozi ilipandishwa hadi 600, kisha 800 kwa siku. Chembe zikashuka mpaka 19,000, zikakaa kidogo, zikapanda tena. Watu walivunjika moyo kwa kule kupanda. Mimi naona kule kushuka ndiko kulikobeba habari. Dawa ambayo haiwezi kabisa kuingia mahali pake, hata ukiongeza mara mbili haibadili kitu. Hapa iliweza, ikazidiwa.

Kilichoonekana kwenye uboho

Uboho ulitolewa tena. Mara ya kwanza haukufaa, na sababu yake inafaa kujulikana na kila anayechukua sampuli visiwani: uliwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Chupa hiyo inafaa kwa PCR. Kwa picha ya kromosomu chembe lazima zifike zikiwa hai na ziendelee kugawika, na dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye zambarau haizifai. Inatakiwa chupa ya kijani, yenye heparini. Isigandishwe, isiachwe juani bandarini, ifike maabara ndani ya siku moja, zikizidi mbili.

Sampuli ya pili ilifika salama. Chembe zikaoteshwa kwenye chakula chake usiku kucha. Kisha huwekwa kolisemidi, inayozizuia katikati ya kugawika, wakati ambapo kromosomu zimejikunja na kunenepa na zinaweza kuonekana moja moja. Huongezwa maji ya chumvi hafifu ili chembe zivimbe, zikaoshwa kwa mchanganyiko wa methanoli na asidi ya asetiki, kisha tone moja linadondoshwa kwenye kioo kutoka juu ili chembe zipasuke na kromosomu zitawanyike. Rangi ya Giemsa huzitia mistari ya giza na mwanga, na kwa mistari hiyo aliyezoea anazijua zote kwa namba zake.

Chembe 20 zilihesabiwa. Zote zilikuwa na kromosomu ya Philadelphia. Saba kati ya hizo zilikuwa kama za mwanzo, kromosomu 46, kasoro moja. Kumi na tatu zilikuwa na kromosomu 48: Philadelphia mbili badala ya moja, na namba 8 tatu badala ya mbili.

Hapa ilibidi kusimama kidogo kabla ya kuandika ripoti. Namba 8 ya ziada huonekana pia, mara nyingine, kwa wagonjwa wa CML wanaoendelea vizuri kabisa, katika chembe ambazo hazina Philadelphia. Huko mara nyingi haina maana ya kurudi kwa ugonjwa. Swali lilikuwa: je, hizi namba 8 tatu zimo ndani ya chembe zile zile zenye Philadelphia mbili, au ni kundi jingine? Zilikuwa ndani ya chembe zile zile, zote kumi na tatu. Hapo ripoti ikaandikwa.

Kipimo cha tatu kilikuwa kusoma herufi za jeni ya BCR-ABL yenyewe. Picha ya kromosomu, pamoja na uzuri wake, inaona vipande vya mamilioni ya herufi. Herufi moja ikibadilika haiwezi kuiona, na herufi moja inatosha: badiliko linaloitwa T315I hubadilisha asidi amino moja tu, nafasi ya 315, na imatinibu haipati tena pa kukaa. Ndiyo maana vipimo viwili hivi haviwezi kufanyiana kazi. Kwa mama huyu herufi zilikuwa sawa. Jeni haikubadilika umbo. Iliongezeka idadi.

Namna kromosomu ya ziada inavyoishinda dawa

Kila kromosomu ya Philadelphia ina jeni moja ya BCR-ABL, na kila jeni inatoa kimeng'enya. Chembe yenye Philadelphia mbili ina kimeng'enya kingi zaidi, na kidonge kile kile cha 400 hakitoshi kukiziba chote. Ni sawa na nyumba yenye mifereji miwili iliyo wazi na kizibo kimoja: kizibo hakina kasoro, maji yanamwagika vilevile. Ukiongeza dozi unaongeza vizibo, na ndiyo maana chembe zilishuka dozi ilipofika 800. Lakini mwili wa binadamu una kikomo cha imatinibu unayoweza kuivumilia, na chembe za saratani hazina kikomo cha jeni zinazoweza kuongeza.

Jambo hili si nadharia ya juzi. Mwaka 2001, mwaka ule ule dawa ilipoidhinishwa, Mercedes Gorre na wenzake katika maabara ya Charles Sawyers huko Los Angeles waliwachunguza wagonjwa ambao imatinibu ilianza vizuri kisha ikashindwa. Wengi wao walikutwa na badiliko la T315I. Baadhi walikutwa na jeni ya BCR-ABL iliyojirudia mara nyingi. Njia hizo mbili, kubadili umbo na kuongeza idadi, zilionekana tangu siku za mwanzo kabisa.

Nyuma zaidi ya hapo, mwaka 1978, kundi la Robert Schimke lilionyesha kwamba chembe za panya zilizokuwa sugu kwa methotreksati, dawa nyingine ya saratani, zilikuwa zimezidisha nakala za jeni ya kimeng'enya ambacho dawa hiyo hukilenga. Methotreksati ipo kwenye makabati yetu. Na ipo njia nyingine tena, inayohusu kromosomu namba 7, mahali penye jeni inayotengeneza pampu kwenye ukuta wa chembe. Pampu hizo huitupa dawa nje kabla haijafanya kazi, na hazichagui: doksorubisini, vinkristini, paklitakseli, dawa za saratani za aina mbalimbali, zote hutupwa. Chembe iliyozidisha jeni hiyo huwa sugu kwa dawa ambazo hazijawahi hata kuigusa. Anayemhudumia mgonjwa wa saratani ya titi na kuona dawa tatu zinashindwa kwa mfululizo akumbuke hilo kabla ya kutafuta ya nne ya aina ile ile.

Namba 8 ya ziada ni ngumu zaidi kuieleza, kwa kuwa kromosomu nzima ina mamia ya jeni na zote zinaongezeka kwa pamoja. Mojawapo ni MYC, jeni inayosukuma chembe kukua, na inatajwa sana katika maelezo ya hali hii. Tulijualo kwa hakika ni hali yenyewe: Philadelphia ya pili, namba 8 ya ziada, namba 19 ya ziada, na namba 17 iliyopoteza mkono mfupi na kubaki na mikono mirefu miwili, ndizo kasoro zinazojitokeza zaidi CML inapokwenda vibaya. Ile ya 17 ndiyo naiogopa zaidi, kwani mkono uliopotea ndio uliobeba TP53, jeni inayoiamuru chembe iliyoharibika ijiue. Mama huyu hakuwa nayo.

Kwenye darubini ya kawaida uboho wake ulionekana wa hatua ya mwanzo. Chembe changa kabisa zilikuwa asilimia 4. Mtu angeandika “hatua ya muda mrefu, haijasonga” na kumwacha na imatinibu. Lakini kasoro mpya za kromosomu zikitokea mtu akiwa kwenye dawa, zinahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa kusonga hata kama sura ya chembe bado ni tulivu. Kromosomu husema kabla ya chembe, kama ambavyo PCR husema kabla ya FBP.

Je, dawa ndiyo iliyozibadilisha? Binti aliuliza hivyo, na ni swali zuri. BCR-ABL yenyewe huvuruga utunzaji wa kromosomu, kwa hiyo kila chembe ya CML inapogawika kuna nafasi ya makosa mapya. Chembe moja ikakosea ikabaki na Philadelphia mbili. Bila dawa pengine isingejulikana kati ya mabilioni ya wenzake. Dawa iliwaua wenzake, chembe hiyo ikabaki na nafasi. Ndiyo maana kuchelewa kuushusha ugonjwa kuna hatari yake: chembe zikibaki nyingi, makosa ni mengi. Na ndiyo maana pia kuruka dozi ni hatari hata kama si sababu ya kisa hiki.

Akauliza jingine, kwa sauti ndogo, mama yake ametoka nje: “Na sisi watoto wake, tutarithi?” Hapana. Kromosomu hizi zimebadilika ndani ya chembe za uboho wake akiwa mtu mzima. Hazimo kwenye mayai aliyowazaa nayo, wala hazipo kwenye ngozi yake au moyo wake. Nilimwona akishusha pumzi, na nikajua swali hilo alikuwa nalo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyemjibu bila kuulizwa. Tangu hapo nalijibu kabla halijaulizwa.

Uamuzi

Kwa majibu hayo matatu pamoja, njia ilionekana. Kama ingekuwa T315I, dasatinibu, dawa ya jamii moja na imatinibu, isingefaa kitu, ingehitajika dawa kama ponatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 na ambayo huliweza badiliko hilo. Kwa kuwa umbo la jeni ni lile lile na tatizo ni wingi wake, dasatinibu ilikuwa na nafasi: katika maabara nguvu yake dhidi ya BCR-ABL ya kawaida ni zaidi ya mara 300 ya imatinibu. Madaktari wake walimwanzishia miligramu 140 kwa siku, dozi inayotumika ugonjwa ukiwa umesonga.

Alionywa kuhusu maji kujaa kifuani, athari inayojulikana ya dasatinibu. Binti akaongeza safu mpya kwenye daftari: pumzi. Kila jioni anaandika kama mama amepanda kilima cha kisimani bila kusimama au amesimama. Wiki ya kumi akaandika “amesimama mara mbili”, wakaja siku hiyo hiyo, picha ya kifua ikaonyesha maji kidogo upande wa kulia. Dawa ikasitishwa kwa muda, maji yakakauka, akarudishwa kwa dozi ndogo zaidi.

PCR baada ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 9. Baada ya miezi sita, 1.2. Uboho ulirudiwa, mara hii kwenye chupa ya kijani tangu mwanzo. Katika chembe 20, mbili tu zilikuwa na Philadelphia, na zote mbili zilikuwa za lile kundi la kromosomu 48. Nilitaka zisiwepo. Kundi gumu limepigwa lakini halijaisha, na chembe zilizobaki ni za aina ile ile iliyoishinda imatinibu.

Kwa hiyo ndugu zake wanne, kaka wawili na dada wawili, wameombwa watoe damu ili ijulikane kama kuna anayelingana naye kwa uboho, na watatu wameshakubali. PCR inafanywa kila baada ya miezi mitatu, na sasa imeandikwa kwenye kadi yake kwa wino mwekundu kwamba FBP peke yake haitoshi kumwandikia dawa. Mashine ya GeneXpert, ile ile tunayopimia makohozi ya TB, ina katriji yake ya BCR-ABL, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Nimewaandikia wakubwa wangu kuomba katriji hizo ziletwe Pemba, nikaambatanisha grafu ya mama huyu na lile pengo la mwaka mzima katikati yake. Jibu bado halijaja.